Kufuta Faili: Funzo la Kompyuta Zenye Kumbukumbu Finyu

Mtafsiri akutanapo na neno faili katika maandishi ya kompyuta, fikra yake huelekea kwenye jalada la masjala: karatasi zilizofungwa pamoja na kuwekwa mahali pamoja. Historia ya kompyuta ndogo yaonyesha kwamba taswira hiyo yaweza kupotosha.

Mwaka 1974 Gary Kildall, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha jeshi la wanamaji huko Monterey, Marekani, alitunga programu ya CP/M kwa kompyuta zenye prosesa ya Intel 8080. Matoleo ya awali yaliweza kutumika katika kumbukumbu ya kilobaiti 16, hali diski ya inchi 8 ilichukua karibu kilobaiti 250. Ilikuwa masjala pana yenye karani wa meza ndogo.

Kwa hiyo diski iligawanywa katika mafungu 243 ya kilobaiti moja moja. Kila faili liliandikwa katika saraka kwa ingizo la baiti 32, au zaidi ya moja likiwa kubwa, lenye jina na namba za mafungu yake. Mafungu yenyewe yaliweza kutawanyika popote. Orodha ya mafungu matupu haikuhifadhiwa katika diski. Programu ilisoma saraka na kuitunga upya katika kumbukumbu, biti moja kwa kila fungu, yaani baiti 31 tu. Kufuta faili, basi, kulikuwa kubadili baiti ya kwanza ya ingizo lake. Maandishi yalibaki palepale hadi mafungu hayo yapewe faili jingine.

Kanuni hiyo ingali hai. Programu ya littlefs, iliyotolewa na kampuni ya Arm mwaka 2017 kwa kompyuta za chipu moja ziendeshazo mitambo midogo, nayo haihifadhi orodha ya nafasi tupu; huitafuta sehemu kwa sehemu, ili kumbukumbu isizidiwe.

Hapa ndipo istilahi igusapo kazi za ofisi. Mwongozo ukisema “futa” tu, mtumishi anayepeleka kompyuta kuukuu mnadani ataamini kuwa siri zimetoweka, kumbe huenda kilichoondoka ni jina. Twapendekeza “ondoa katika saraka” kwa tendo hilo, na “futa” libaki kwa kuyaharibu maandishi yenyewe. Istilahi njema haina budi kufuata utendaji wa kitu, si sura yake.