Saratani ya ngozi: Penye ruzuku na misaada Kaskazini Mashariki

JUA la Garissa halihitaji kuelezwa kwa yeyote aliyewahi kusubiri basi saa saba mchana karibu na daraja la mto Tana. Mji huo umekaribiana mno na Ikweta, na mara nyingi joto hupita nyuzi 35.

Kwa mtu mwenye ualbino, ambaye ngozi yake haina rangi ya kutosha kuzuia miale, jua hilo ni chanzo cha saratani, hasa usoni, masikioni, midomoni na shingoni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya.

Wengine nao hawajasalimika. Miongoni mwa watu weusi, maradhi haya huzuka pia kwenye nyayo, kwenye makovu ya moto na kwenye vidonda vya miguu vilivyodumu miaka mingi. Mfugaji wa kuhamahama huweza kutembea na kidonda cha aina hiyo muda mrefu kabla ya kuonana na daktari.

Fedha za kukabiliana na hali hii zipo, ila zimetawanyika.

Mlango wa kwanza ni Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Katika mwaka wa fedha wa 2010/2011, serikali ilitenga Sh100 milioni za mafuta ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino, na mpango huo ukaendelezwa kupitia baraza hilo. Mhitaji hupimwa kwanza katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, kisha husajiliwa. Mzazi asimsubiri mtoto afike umri wa shule. Ngozi huanza kuungua tangu utotoni.

Kwa matibabu, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Mpango ulipoanza, kila familia ilitengewa hadi Sh400,000 kwa mwaka za saratani, na Sh150,000 zaidi kutoka hazina ya magonjwa sugu na mahututi. Garissa, sawa na Nakuru na Mombasa, imejengewa kituo cha saratani cha kanda, jambo linalowapunguzia wengi safari ya Nairobi.

Lakini SHA hulipa hospitali. Haimlipii mgonjwa nauli kutoka Mandera, wala malazi ya mamake anayemuuguza. Hapa ndipo familia nyingi hukwama, na hapa ndipo zaka ina nafasi yake: maskini, mwenye deni na msafiri aliyekwama wote wamo katika makundi manane yanayostahiki kuipokea. Kamati ya msikiti inaweza kutenga fungu la wagonjwa bila kungoja mfadhili wa ng'ambo.

Kuhusu utafiti, Hazina ya Kitaifa ya Utafiti iliundwa chini ya sheria ya 2013, na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Garissa anaweza kuiomba ruzuku inapotangaza nafasi. Atahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI. Mfadhili yeyote, wa ndani au wa nje, atauliza takwimu kwanza. Kwa hivyo kazi ya awali, isiyo na gharama kubwa, ni kufungua daftari la wagonjwa wa ngozi katika hospitali za Garissa, Wajir na Mandera.

Mfano wa karibu uko Moshi, Tanzania. Katika hospitali ya KCMC hutengenezwa mafuta ya Kilisun, yaliyobuniwa mahsusi kwa watu wenye ualbino barani Afrika na kuungwa mkono na wafadhili, kampuni ya BASF ikiwemo. Pendekezo la mradi linaloeleza mafuta yatatoka wapi na yatagawiwa na nani husomwa kwa makini kuliko lile linaloomba "msaada" tu.

Vikundi vya kijamii visajiliwe kwanza chini ya sheria ya 2022. Wafadhili wengi hawatumi pesa kwa kikundi kisicho na cheti na akaunti ya benki.

Bajeti ya kaunti isisahauliwe. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya matumizi kufikia Aprili 30. Anayetaka mafuta ya kukinga jua yaingizwe kwenye orodha ya dawa za zahanati ahudhurie vikao vya umma kabla ya tarehe hizo.