Mji na Kijiji katika Ushairi: Kutoka Jaykur hadi Buhare

Kijiji, kwa asili ya neno, ni mji mdogo. Shina ni lile lile, nalo limetanguliwa na viambishi kama katika kijiti kutoka mti, na kijito kutoka mto. Basi Kiswahili cha kale kilipima ukubwa tu, wala hakikutia uadui baina ya pande hizo mbili. Mwenye mji aweza kuwa mkuu wa boma lenye nyumba tatu.

Kiarabu kina maneno mawili ya mashina mbalimbali, madina na qarya. Walakini katika Kurani qarya hutajwa hata kwa miji mikubwa, na Makka huitwa Umm al-Qura. Kwa hiyo ugomvi wa mji na kijiji katika ushairi mpya wa Kiarabu haukuzaliwa na lugha, bali na historia. Badr Shakir al-Sayyab (1926–1964) alitoka Jaykur, karibu na Basra, akaenda Baghdad. Jaykur ikawa katika mashairi yake makao ya uhai, na mji ukawa mahali pa kupotea. Ahmad Abd al-Mu'ti Hijazi, mtoto wa shamba nchini Misri, mwaka 1959 aliipa diwani yake jina lenye maana ya mji usio na moyo.

Huku Ziwa Viktoria, Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, alitoa Kichomi mwaka 1974, diwani isiyofungwa na vina wala mizani. Yaweza kudhaniwa kwamba njia ni moja. Sivyo. Al-Sayyab na Hijazi walikiacha kijiji, wakakikumbuka kwa mbali. Tanzania, kijiji chenyewe kiliwafuata watu. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alieleza siasa ya Ujamaa Vijijini mwaka 1967. Operesheni Vijiji ikafuata, na sheria ya vijiji ikapitishwa mwaka 1975. Wakulima wengi walitolewa katika maboma yaliyotawanyika, yaani katika miji yao kwa maana ya kale, wakapelekwa kijijini. Ndiyo sababu riwaya ya Gamba la Nyoka (1979) ya Kezilahabi haina Jaykur ya kulilia: humo kijiji ndicho uwanja wa mashindano ya watu na dola.

Buhare yadhihirisha jambo hilo. Imo katika Manispaa ya Musoma, na kwa utawala ni mji. Lakini chuo chake cha maendeleo ya jamii kimefundisha watumishi ambao kazi yao huwapeleka vijijini.

Yafaa basi mhakiki asikipime kijiji cha ushairi wa Kiswahili kwa kipimo cha Kiarabu, kabla hajauliza ni kijiji kipi kinachotajwa: kile kilichozaliwa na ukoo, ama kile kilichoandikishwa na sheria. Asipouliza, atasikia kilio cha kukumbuka nyumbani mahali ambapo mshairi analalamika kuhamishwa.