Jinsi Mlango wa Homa ya Mafua Ulivyogunduliwa

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii hutumiwa sana katika habari za wanadamu na hiana zao, lakini historia ya maradhi nayo imeithibitisha kwa namna ya ajabu. Katika mwaka wa 1918 homa ya mafua ilivuma duniani kote. Ilifika Mombasa kwa njia ya bahari, ikapanda bara, na ilipokwisha kupita duniani ilikuwa imeua makumi ya mamilioni ya watu. Wakati ule hakuna aliyejua adui huyo ni nani, wala huingia mwilini kwa mlango gani.

Swali la kwanza lilijibiwa mwaka wa 1933. Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walikitenga kirusi cha homa hiyo huko London, kwa kuwaambukiza wanyama wadogo wafananao na nguchiro. Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Hakina budi kuingia ndani ya chembe hai. Basi huingiaje? Jibu la swali hili lilichukua miaka 55 zaidi.

Dalili ya kwanza ilionekana kwa bahati. Mwaka wa 1941, huko New York, George Hirst alikuwa akikuza virusi ndani ya mayai ya kuku yenye vifaranga. Alipokuwa akikusanya maji ya mayai hayo, damu kidogo ya vifaranga ilichanganyika nayo, na chembe nyekundu zikashikamana mafungu mafungu. Mtu mwingine angaliyamwaga maji yale na kuosha chombo chake. Hirst aliyatazama, akatambua kwamba virusi vilikuwa vimezifunga chembe pamoja, mithili ya kamba ifungavyo kuni. Tena, katika joto la mwili, baada ya saa kadhaa virusi viliziachilia, na chembe zile hazikushikika tena na virusi vya namna ile ile. Ikawa dhahiri kwamba juu ya chembe kuna kitu ambacho kirusi hukishika, kisha hukikata.

Kitu gani hicho? Mwaka wa 1946 Macfarlane Burnet na wenzake, huko Melbourne, walionyesha kwamba vijidudu vya kipindupindu hutoa kimeng'enya kiwezacho kukiondoa. Mwenzao Alfred Gottschalk, mwanakemia aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi akapata hifadhi Australia, akaifuatia kazi hiyo kwa miaka mingi, hata ikabainika kwamba kitu hicho ni sukari. Si sukari ya chai, bali asidi ya sialiki, ambayo Gunnar Blix wa Uswidi aliipata mwaka wa 1936 katika ute wa tezi za mate. Sukari hiyo hukaa kwenye ncha za minyororo iliyozifunika chembe zetu wenyewe. Adui hakuvunja ukuta. Alishika komeo la nyumba yetu.

Lakini kulijua jina la komeo si kuliona. Wataalamu waliigandisha protini ya kirusi ikawa fuwele, kama chumvi igandavyo maji ya bahari yakaukapo. Kisha walipitisha miali ya eksirei ndani yake, na kwa kuyapima madoa ya miali iliyotawanyika wakakokotoa umbo lake. Kazi hiyo yataka subira, na mara nyingi huangukia vijana waliokwisha kupata udaktari wa chuo kikuu lakini wangali wakifundwa maabarani. Ian Wilson alikuwa mmoja wao, chini ya Don Wiley katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka wa 1981 hao wawili, pamoja na John Skehel wa London, walitangaza umbo la protini ishikayo sukari: nguzo ya sehemu tatu zilizosimama pamoja, yenye urefu wa nanomita 13.5, na kishimo katika kila kichwa. Mwaka wa 1988 sukari yenyewe ilionekana imelala kishimoni.

Mkasi wa kirusi nao ulifichuliwa mwaka wa 1983 na Varghese, Laver na Colman huko Australia. Kwa kulifuata umbo hilo, Mark von Itzstein na wenzake walitengeneza zanamiviri, dawa izibayo makali ya mkasi, hata virusi vipya vikanaswa pale pale vilipozaliwa. Walieleza kazi yao mwaka wa 1993, na dawa ikaruhusiwa mwaka wa 1999.

Hata hivyo vita havijaisha. Virusi vya ndege hupendelea sukari iliyoungwa kwa namna moja, na vya wanadamu kwa namna nyingine. Badiliko dogo sana kishimoni laweza kuugeuza upendeleo huo. Mwaka wa 1997, huko Hong Kong, homa ya ndege iliwapata watu 18, na sita wakafa. Ndiyo sababu watafiti hawajaacha kukichunguza kishimo kile.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Dawa ile ilitokana na mikono ya watu wa nchi nyingi. Lakini isingalipatikana kama mtu mmoja angaliyadharau matone machache ya damu ya vifaranga.