Kirutubisho na Dawa Si Kitu Kimoja: Historia Fupi ya Vitu Tunavyomwongezea Ndama

Ukiingia duka la pembejeo za mifugo na kuomba kitu cha "kukuza ndama", unaweza kutoka na jiwe la kulamba au ukatoka na pakiti ya OTC ya unga. Vyote viwili vimewahi kusifiwa kuwa vinakuza ng'ombe, lakini historia zake ni tofauti. Ukizijua, hutatumia kimoja mahali pa kingine.

Nakuru: ng'ombe wanakonda majani yapo

Karibu miaka mia moja iliyopita, wafugaji wa maeneo ya Nakuru nchini Kenya walisumbuliwa na jambo la ajabu. Majani yalikuwepo ya kutosha, lakini ng'ombe, hasa wale wadogo wanaokua, walikataa kula, wakakonda na kupungukiwa damu. Wakihamishiwa malisho ya eneo jingine, walipata nafuu. Ugonjwa huo ukapewa jina la Nakuruitis.

Australia na New Zealand nako walikuwa na tatizo kama hilo. Wengi walidhani mifugo inakosa chuma, kwa sababu udongo wenye kutu ya chuma uliwasaidia baadhi ya wanyama. Mwaka 1935 watafiti wa Australia, Underwood na Filmer upande wa magharibi, Marston na Lines upande wa kusini, waligundua kwamba kilichoponya si chuma. Ni kobalti, madini yaliyokuwa yamechanganyika kidogo sana ndani ya udongo ule.

Kiasi anachohitaji ng'ombe ni kama sehemu ya kumi ya miligramu kwa kila kilo ya chakula kikavu. Ni kidogo mno, lakini kikikosekana hakuna wingi wa majani unaoweza kuziba pengo. Vijidudu vilivyomo kwenye tumbo kubwa la ng'ombe huchukua kobalti na kutengeneza vitamini B12, ambayo ng'ombe huitumia kupata nguvu na kutengeneza damu.

Kutoka vitamini hadi dawa

Vitamini B12 yenyewe ilipatikana ikiwa safi mwaka 1948, Marekani na Uingereza. Kila mtu akawa anatafuta njia rahisi ya kuipata kwa ajili ya chakula cha mifugo. Marekani, Thomas Jukes na Robert Stokstad wa kampuni ya Lederle walijaribu kuwalisha vifaranga masalia yaliyobaki baada ya kutengeneza dawa ya Aureomycin, wakijua yana B12. Vifaranga wakakua haraka kuliko ilivyotarajiwa. Ikaja kuonekana kwamba ukuaji ule wa ziada ulitokana na mabaki ya dawa yenyewe, si vitamini tu.

Habari ilitangazwa mwaka 1950. Mwaka uliofuata Marekani iliruhusu dawa za aina hiyo zichanganywe kwenye chakula cha mifugo bila cheti cha daktari. Muda si mrefu hata maziwa ya unga ya ndama yakawa yanatiwa dawa.

Kuna jambo ambalo matangazo hayakulisema kwa sauti: faida hiyo ilikuwa kubwa kwenye mabanda machafu, na ndogo au hakuna kabisa kwenye mabanda safi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya dawa ilikuwa kufunika uchafu.

Biashara ya ndama Uingereza

Wafanyabiashara, hapa panawahusu. Miaka ya 1960 huko Uingereza, ndama wachanga walinunuliwa shamba hili na lile, wakachanganywa minadani na kwenye magari, kisha wakauzwa mbali. Walipoharisha walipewa dawa, na wengine walipewa hata kabla hawajaugua. Ikaibuka salmonela isiyosikia dawa nyingi kwa pamoja. Daktari E. S. Anderson alifuatilia aina hiyo ya vimelea na kuonyesha kwamba ilitoka kwa ndama ikafika kwa watu, nao wakaugua.

Serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Swann. Mwaka 1969 ilishauri kwamba dawa zinazotibu binadamu zisitumike kukuzia mifugo. Sweden ilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mwaka 1986, Umoja wa Ulaya ukamaliza kazi hiyo Januari 2006, na Marekani ikaziondoa zile muhimu kwa binadamu mwaka 2017.

Tunajifunza nini?

Jiwe la kulamba linaziba pengo la kweli. OTC ya unga inayotiwa kwenye maziwa ya ndama kila siku haizibi pengo lolote. Inazoesha vimelea dawa, na siku ndama anaugua kweli, au mtoto wako anaugua, dawa ile haifanyi kazi. Kwa ndama aliyeanza kucheua, inaua pia vijidudu vizuri vya tumboni.

Kabla hujatoa fedha dukani, hakikisha haya:

1. Ndama apate dang'a ya kutosha ndani ya saa sita za kwanza. Hakuna pakiti inayofanya kazi yake.
2. Vyombo vya maziwa vioshwe kila mara, na banda liwe kavu.
3. Maji safi na majani laini viwepo mapema, ili tumbo kubwa likomae.
4. Jiwe la kulamba liwe na madini mchanganyiko, kobalti ikiwemo. Soma lebo, chumvi tupu haitoshi.
5. Ukinunua ndama mnadani, mtenge na wengine angalau wiki mbili.
6. Antibiotiki ni kwa ndama mgonjwa, kwa maelekezo ya mtaalamu, na dozi imalizwe.

Ndama asiyekua anakuambia kuna kitu amekosa. Mwite afisa mifugo wa kata yako mtafute kitu hicho ni nini, ndipo uende dukani.