Kwa nini chale huwatia watu hofu badala ya kuwachekesha

USO uliopakwa rangi nyeupe, mdomo mwekundu uliochorwa hadi mashavuni, pua ya mpira na nywele bandia za rangi rangi. Hiyo ndiyo sura ya chale anayekodishwa kuwatumbuiza watoto katika sherehe za siku ya kuzaliwa na mahafali ya chekechea, iwe ni Likoni, Kisauni au Changamwe.

Hata hivyo, wenzao wanapoangua kicheko, huwa hawakosekani watoto wanaolia na kujificha nyuma ya mama zao. Mara nyingi mtoto wa aina hiyo husutwa kuwa mwoga, hulazimishwa kupakatwa na chale ili apigwe picha, au hudhaniwa kuwa ana shetani.

Ukweli ni kwamba hofu hiyo inafahamika vyema katika elimu ya saikolojia, nayo huitwa kulrofobia. Si utovu wa adabu wala si mapepo. Aidha, jinsi wazazi wanavyoipokea inaweza kuifanya ipite upesi au imwandame mtoto hadi utu uzimani.

Wala si watoto pekee wanaosumbuliwa nayo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Wales, Uingereza, waliwahoji watu wazima 987 kutoka mataifa 64. Zaidi ya nusu yao, asilimia 53.5, walisema wanawaogopa machale kwa kiwango fulani, na asilimia 5 walisema hofu yao ni kali mno. Wanawake waliogopa zaidi kuliko wanaume, na hofu ilipungua kadiri umri ulivyosonga.

Uso usiosomeka

Watafiti hao walipochunguza chanzo cha hofu hiyo, waligundua kwamba wengi wa waoga hawajawahi kudhuriwa na chale yeyote. Sababu iliyotajwa kwa uzito zaidi ni kwamba rangi huficha hisia za mtu aliye nyuma yake.

Binadamu huanza kusoma nyuso tangu uchanga. Kabla hajajua kusema, mtoto hutazama uso wa mamake ili ajue kama mgeni aliyeingia ni wa kheri au wa shari. Chale huivuruga elimu hiyo: mdomo uliochorwa hucheka daima, hata kama mwenyewe amekasirika, amechoka au ana nia mbaya.

Ndiyo maana si kila mchekeshaji anayeogopwa. Mathalani, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, aliwachekesha Wakenya kwa miaka mingi kama Mzee Ojwang’ katika kipindi cha Vitimbi. Vituko vyake vilikuwa vingi, lakini uso wake ulikuwa wazi. Akinuna, mtazamaji alijua amenuna.

Sababu ya pili ni kutotabirika. Mwaka 2016, mwanasaikolojia Frank McAndrew na mwenzake Sara Koehnke wa Chuo cha Knox, Marekani, walichapisha utafiti uliohusisha watu 1,341. Walipoulizwa ni kazi gani inayowasisimua mwili kwa woga, chale alishika nafasi ya kwanza. Kwa maelezo ya McAndrew, kinachomfadhaisha mtu ni kutojua kama yuko hatarini au la. Chale anaweza kukupa puto, na papo hapo akakumwagia maji.

Kuna pia suala la umbo. Mwaka 1970, mhandisi Masahiro Mori wa Japani alieleza kwamba kitu kinachokaribia kufanana na binadamu, lakini kikapungukiwa kidogo, huchukiza kuliko kisichofanana naye kabisa. Chale ana macho, pua na mdomo, ila vyote vimepita kiasi.

Kinyago machoni pa mtoto

Kwa mtoto mdogo jambo hili ni zito zaidi. Mwaka 1969, mtafiti Rheta DeVries wa Marekani aliwaonyesha watoto paka mpole aliyeitwa Maynard, kisha akamvisha kinyago cha mbwa. Wengi wa watoto wa miaka 3 waliamini kwamba paka yule amegeuka mbwa kweli. Wale wa miaka 6 kwa kawaida walitambua kuwa ni paka aliyevishwa kinyago.

Kwa hivyo, mzazi anayemwambia mtoto wa miaka 3 kwamba “huyo ni mtu tu” anasema jambo ambalo akili ya mtoto huenda bado haijaweza kulishika. Mtoto haoni mtu aliyejipaka rangi. Anaona kiumbe kingine kabisa.

Katika Pwani, kiumbe hicho huwa kimeshapewa jina. Watoto wengi hulelewa wakitishwa kwa zimwi au mumiani ili walale au waache ukaidi. Mumiani, mnyonya damu wa kubuniwa, alivumishwa sana enzi za ukoloni, ambapo hata wazima moto walishukiwa kuifanya kazi hiyo kwa siri. Mtoto aliyeonywa usiku kwamba zimwi litakuja hana kosa akidhani mchana kwamba limefika.

Filamu na habari za ng’ambo nazo zimechochea. Riwaya ya Stephen King iitwayo It, iliyotoka mwaka 1986 na kutengenezewa filamu mwaka 2017, inamhusu kiumbe muuaji anayejitokeza kama chale. Kabla ya hapo, John Wayne Gacy wa Illinois, Marekani, alipatikana na hatia mwaka 1980 ya kuwaua wavulana na vijana 33. Ilibainika kwamba alikuwa akijipamba kama chale na kuwatumbuiza watoto.

Namna ya kumsaidia mwoga

Pamoja na hayo, machale wana faida yao. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020 katika jarida la kitabibu la BMJ yalionyesha kwamba wanaweza kuwapunguzia wasiwasi watoto waliolazwa hospitalini. La muhimu ni kumwachia mtoto hiari ya kuwakaribia.

Mbinu ya kuondoa hofu ya aina hii ilionyeshwa mwaka 1924 na Mary Cover Jones wa Marekani. Alimtibu mtoto aliyeitwa Peter, aliyeogopa sungura, kwa kumsogezea mnyama huyo hatua kwa hatua huku akila chakula alichokipenda. Hatimaye Peter alimshika sungura kwa mikono yake.

Mzazi anaweza kuifuata njia iyo hiyo: aanze na picha, kisha amruhusu mtoto amtazame chale kwa mbali akiwa amemshika mkono. Bora zaidi, chale ajipake rangi mbele ya watoto ili waone uso wa kawaida ukibadilika, na baadaye anawe wakiona. Kumkabidhi chale mtoto anayelia, hata kwa ajili ya picha, humwongezea hofu.

Hofu ikidumu kwa miezi 6 au zaidi, na ikamzuia mtu kwenda shule, kazini au sherehe, inafaa amwone mtaalamu. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 2013 unaitaja hofu ya watoto kwa watu waliovalia mavazi ya wahusika miongoni mwa hofu zinazotibika. Kwa wakazi wa Mombasa bara, Hospitali ya Port Reitz iliyoko Changamwe imekuwa ikitoa huduma za afya ya akili kwa miaka mingi.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Mtoto aliyeona rangi ikipakwa na ikifutwa hupata nafasi ya kujua kwamba nyuma yake mlikuwa na mtu.