Ajali Ina Kinga

Waswahili husema ajali haina kinga. Ni msemo wa matanga. Mtu aliyefiwa huambiwa hivyo ili asijilaumu wala asimlaumu jirani, na kwa kazi hiyo msemo ni mwema. Ubaya wake ni pale tunapoutumia kabla ya msiba badala ya baada yake. Hapo unakuwa ruhusa ya kutofanya lolote. Nimefundisha miaka mingi katika uwanda wa Ufipa, na kila nitafakaripo historia ya shule za bweni na vyuo vya nchi hii naona kwamba watoto wengi waliotutoka hawakuchukuliwa na ajali isiyo na kinga. Walichukuliwa na mlango, na dirisha, na mshumaa, na jiko, yaani vitu ambavyo mtu mzima angeweza kuvitazama mchana kwa macho yake mawili.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa maelezo ya wenyeji, jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi": mgeni aingiaye mjini aache nje uchawi wake. Ndivyo jina lisemavyo, lakini sifa tuliyopewa nchini ni kinyume chake. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba watoka Sumbawanga, atakutania usimtumie radi. Tunacheka naye. Hata hivyo, nyuma ya kicheko kuna tabia ya kufikiri ambayo si ya Wafipa peke yao: likitokea baya, swali la kwanza huwa "nani?" na si "nini?". Akiisha kupatikana wa kushukiwa, hakuna tena anayeutazama mlango.

Historia ya kukusanya watu mahali pamoja ili wafundishwe ilianzia chini ya uwanda, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 Mbelgiji Cambier alianzisha kituo cha Karema, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Wamisionari hao walifahamu upesi kwamba palipo na watu wengi pana magonjwa mengi. Mwaka 1889 akafika Karema Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa utotoni akauzwa, akakombolewa huko Algeria, kisha akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Alitibu Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Hospitali ya Dk. Atiman mjini Sumbawanga imechukua jina lake. Mimi huliona hilo kuwa somo la kwanza: waliokusanya watu waliweka pia mtu wa kuangalia afya yao.

Misheni zilipopanda uwandani, na shule na seminari zikafuata, yalijengwa majengo ya matofali ya kuchoma, na pembeni ikapandwa mikaratusi, maana Ufipa ni nchi ya nyasi na kuni ni haba. Hapo ndipo lilipozaliwa bweni. Yafaa tuelewe bweni ni kitu gani. Katika nyumba ya Kifipa walilala watu watano au sita, mlango hauko mbali, na mama usingizi wake ni mwepesi. Bwenini hulala watoto 60 au 100 chini ya paa moja, vitanda viwili viwili juu kwa chini, na mtu mzima analala nyumba nyingine. Bweni ni kijiji kisicho na wazee. Kila kitu ambacho kijijini hufanywa na wazee bila kuandikwa, bwenini hapana budi kiandikwe na apewe mtu wa kukifanya.

Baada ya Uhuru taifa lilijitahidi sana upande mmoja wa jambo hili, upande wa maradhi. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Shule nazo zilishiriki. Ukuu wa kampeni ile ni kwamba haikumwambia mwananchi kuhara kumetumwa na fulani. Ilimwonyesha nzi, ikamwonyesha choo. Iliuliza "nini?", na watu wakaelewa bila kutukanwa.

Upande wa moto hatukupata redio ya namna hiyo, tukafundishwa na makaburi. Juni 1994 bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, liliungua usiku na wasichana 42 wakafa. Kenya, Machi 1998, wasichana zaidi ya 20 waliungua Bombolulu, na Machi 2001 wavulana 67 wakafa Kyanguli, Machakos. Moto wa Kyanguli uliwashwa kwa makusudi. Lakini bweni lile lilikuwa na milango miwili, mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa katika Sekondari ya Idodi, Iringa, kwa moto uliohusishwa na mshumaa wa kujisomea. Septemba 2020 wakafa watoto 10 katika shule ya msingi ya Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera. Septemba 2024 wavulana 21 wakafa Endarasha, Nyeri.

Msomaji atazame jambo moja katika orodha hii ya huzuni. Vyanzo vya moto havifanani: mara mshumaa, mara petroli na hasira. Kinachojirudia ni wingi wa watoto na uchache wa njia za kutokea. Nondo huwekwa dirishani ili mwizi asiingie, na kufuli huwekwa mlangoni ili mwanafunzi asitoroke. Yote mawili huwekwa kwa nia njema. Lakini mwizi huiba godoro, na utoro hutibiwa kwa barua kwa mzazi; kilichofungiwa pamoja na moto hakirudi.

Uwanda wetu una hatari zake pia. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai si mchezo. Katika shule moja niliyofundisha, ambayo sitaitaja, wavulana wanne waliingiza jiko la mkaa katika chumba chao usiku wa baridi, wakaziba madirisha kwa magunia. Alfajiri walikutwa wamelegea, wakitapika na kushika vichwa. Kabla hawajafikishwa zahanati, neno lilikuwa limeshaenea kwamba wametupiwa kitu, na jina la bibi kizee mmoja wa kijiji cha jirani lilikuwa limeshatajwa. Mganga wa zahanati aliuliza swali moja tu: walilala na nini? Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humlewesha mtu hata asiweze kunyanyuka. Vijana walipona, namshukuru Mungu. Yule bibi naye alipona, kwa maana nyingine.

Taa nayo ina historia yake. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulitoka Zambia, na ulipokatika, mtoto mwenye mtihani asubuhi alitafuta mshumaa au koroboi. Baada ya mwaka 2004 serikali ilipohimiza sekondari kila kata, wananchi walijenga hosteli kwa nguvu zao ili mabinti wasipange vyumba mitaani. Ilikuwa kazi njema iliyookoa wengi. Lakini jengo lililonuiwa kuwa darasa likigeuzwa bweni, huja na mlango wake mmoja.

Radi nayo haina budi kutajwa, kwa sababu ndiyo utani wetu. Tangu majaribio ya Benjamin Franklin katika karne ya 18, dunia inajua kwamba radi hupenda kilicho juu, na kwamba fimbo ya chuma juu ya paa, iliyounganishwa kwa waya mnene mpaka ardhini, huipitisha bila madhara. Uwanda usio na miti mingi, wenye darasa refu la bati juu ya mwinuko, hauhitaji mchawi ili upigwe. Mwaka 2018 wanafunzi 6 waliuawa na radi katika shule moja ya Geita, na Januari 2025 wengine 7 katika sekondari ya Businda, Bukombe. Huko si Sumbawanga.

Sheria zimejongea polepole. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, ya wakati wa ukoloni, ilitazama mitambo na wafanyakazi, mwanafunzi hakuwamo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ilipanua macho: inalinda pia watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zitokanazo na kazi za wengine. Kwa hiyo mpishi aliye katika moshi wa kuni analindwa, na mwanafunzi anayekula alichopika analindwa. Mwaka 2007 ikaja Sheria ya Zimamoto na Uokoaji. Hata hivyo, gari la zimamoto likiwa mjini na shule iko bondeni Rukwa, chini ya ngema, sheria haiwezi kufika kabla ya moto.

Ndiyo maana nasema kinga ya kwanza iko mikononi mwa walio palepale. Kila bweni liwe na milango miwili inayofunguka kwa kusukuma kuelekea nje, na usiku isifungwe kwa kufuli. Nondo za dirisha moja au mawili ziwekewe bawaba. Ndoo za mchanga ziwepo, na mtu mzima alale jirani, mwenye kusikia. Kila muhula watoto watolewe usiku mara moja kwa kengele, waone wanatumia dakika ngapi. Maabara ifungwe, na tindikali isikae karibu na dirisha lenye jua. Hakuna hata moja katika haya linalomshinda mkuu wa shule na kamati ya wazazi walioshindwa kununua basi.

Babu zetu wa Ufipa walijenga tanuru za chuma zenye kimo cha mita 3, wakayeyusha mawe humo bila kupuliza mifukuto, kwa kuujua upepo na moto vilivyo. Hawakuuchukulia moto kama bahati. Walijua utaingilia wapi na utatokea wapi. Nasi mabweni yetu tuyajenge kwa ujuzi kama huo, tukijua watoto watatokea wapi.