Una gramafoni ya babu stoo? Soma hii kabla hujaiuza

BABATI: Babati ipo kwenye barabara kuu ya Arusha hadi Dodoma, sehemu ya ile njia ndefu iliyoitwa Great North Road. Enzi za mkoloni, bidhaa nyingi za madukani zilifika kwa njia hiyo. Moja ya vyombo vilivyofaa sana mahali pasipo na umeme ni gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, ambayo wazee wengine huiita santuri, jina hilohilo la sahani zake.

Leo ukiikuta stoo, usikurupuke kuiuza kama chuma chakavu. Pia usiamini kila anayekuambia umeokota utajiri.

IJUE KWANZA

Thomas Edison alitengeneza mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877. Hiyo ilitumia mcheduara, si sahani bapa. Santuri bapa ilikuja baadaye kupitia Emile Berliner. Kwa hiyo kama yako ina sehemu ya kuweka sahani, ni gramafoni.

Angalia mambo haya:

• Umbo: zile za kubeba ziko kama sanduku dogo la safari, zina mshikio. HMV 102, moja ya zilizosambaa sana duniani, ilianza kuuzwa mwaka 1931.

• Nembo: ya HMV ni mbwa anayesikiliza gramafoni. Nyingine utakazokuta ni Columbia na Decca.

• Pembe: kama ina pembe kubwa ya shaba inayong'aa, kuwa makini. Zimetengenezwa nyingi za kuiga, hasa India, kwa ajili ya mapambo. Mbao zake huwa mpya, nembo imebandikwa tu na mkono wa sindano unalegalega.

INA THAMANI GANI?

Ukweli ni kwamba gramafoni za kubeba zilitengenezwa kwa wingi mno, kwa hiyo nyingi hazikufanyi tajiri. Bei hupanda kama kifaa kimekamilika (hendeli, kichwa cha sauti, mkono), kinafanya kazi, na vipuri ni vyake vya asili.

Ukitafuta bei mtandaoni, tazama zilizokwisha kuuzwa kwenye minada. Bei anayotaka muuzaji ni ndoto yake tu.

Na jihadhari na matapeli wa "zebaki nyekundu". Mwaka 2009 huko Saudi Arabia uvumi ulidai cherehani za zamani za Singer zina madini hayo, watu wakazinunua kwa bei za ajabu. Hayakuwamo. Kwenye gramafoni nako hakuna. Mtu akikuomba pesa ya "kupima madini", mfunge mlango.

USITUPE SANTURI ZAKE

Hapa ndipo wengi wanapopoteza. Mashine inauzwa, sahani zinatupwa au watoto wanazifanyia mchezo. Kumbe sahani moja inaweza kuwa adimu kuliko mashine yenyewe.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili za HMV. Baadaye zilikuja lebo za hapa Afrika Mashariki, kama Jambo na Mzuri. Mashine ya aina yako ipo pia Ulaya na India. Lakini sauti ya mwimbaji wa hapa ikivunjika, huenda hakuna nakala nyingine.

Ukikuta santuri yenye jina la Kiswahili, piga picha karatasi ya katikati, andika namba yake, na uihifadhi ikiwa imesimama wima.

KUIFUFUA

1. Usifungue kasha la springi. Ndani kuna utepe wa chuma wa mita kadhaa uliojikunja kwa nguvu. Ukichomoka unakata vidole. Hiyo kazi mpe fundi anayeijua.

2. Futa vumbi kwa brashi laini. Usipake vanishi wala rangi mpya, unashusha thamani.

3. Tia tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli na gia ndogo zinazoonekana. Springi yenyewe hutumia grisi nzito.

4. Sauti ikikwaruza, mara nyingi mpira ndani ya kichwa cha sauti umekauka. Unabadilishwa.

5. Pima mwendo: weka alama ya karatasi pembeni mwa santuri, hesabu mizunguko. Inatakiwa iwe 78 kwa dakika.

6. Sindano ya chuma hutumika upande mmoja wa santuri, kisha inabadilishwa. Ikizeeka inachimba sahani.

7. Usipige sahani za plastiki za miaka ya baadaye (LP). Mkono wa gramafoni unakandamiza kwa zaidi ya gramu 100. LP itaharibika mara ya kwanza tu.

8. Santuri za zamani zisafishwe kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni ya vyombo. Spiriti inaziyeyusha.

9. Ukimaliza kusikiliza, iache izunguke hadi springi ilegee, ndipo uifunge.

Kama kwenye familia kuna mzee anayekumbuka ilinunuliwa wapi na nani, muulize sasa na umrekodi kwenye simu. Mnunuzi makini hutaka historia ya kifaa, na wajukuu pia wataitaka.